Kilomita 80 za njia za milimani: peke yangu au timu ya wanne?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi hapa Dodoma, nina umri wa miaka 38 na uzito wa kilo 72. Nimekimbia nusu marathoni mara tano na marathoni moja tu, ambayo niliimaliza kwa saa 4 na dakika 50 huku misuli ya mapaja ikinibana kuanzia kilomita ya 33. Mwezi wa nane kuna mbio za kilomita 80 za njia za porini na milimani, zenye jumla ya mita 2,400 za kupanda, na muda wa mwisho wa kufika ni saa 15 tangu kuanza. Mtu anaweza kushiriki peke yake, au timu ya watu wanne ikapokezana, kila mmoja akikimbia vipande viwili vya kilomita 10. Wenzangu watatu wananisihi tuingie kama timu, lakini moyo wangu uko kwenye kukimbia peke yangu. Zimebaki wiki 24, na usajili unafungwa wiki 10 kabla ya mbio. Nichague lipi, nijiandae vipi, na je, kule kubanwa misuli kulitokana na upungufu wa chumvi?

JIBU: Ndugu yangu, nzuri, na ahsante kwa kunipa vipimo kamili, kwa maana bila vipimo jibu la swali kama lako huwa ni la kubahatisha.

Kabla ya kusema lipi uchague, naomba tuliondoe wazo moja ambalo wengi wanaokuja kwangu huwa nalo, kwamba kukimbia kwa timu ni robo ya kazi ile ile anayoifanya anayekimbia peke yake. Nimewahudumia wakimbiaji wa aina zote mbili, kama mtaalamu wa fiziotherapia na kama mwalimu wa mbio, na nimejionea kwamba hizo ni kazi mbili tofauti, zinazomshinda mtu kwa sababu tofauti na zinazohitaji maandalizi tofauti. Anayekimbia peke yake mara nyingi huangushwa na tumbo na mapaja wakati pumzi bado anayo. Timu huangushwa na zile saa ambazo mtu amekaa akingoja zamu yake.

Tuanze na hesabu ya mwendo. Kilomita 80 kwa saa 15 ni wastani wa dakika 11 na sekunde 15 kwa kilomita, mwendo unaokaribiana na ule wa mtu anayetembea kwa haraka asikose basi. Sisi wa kanda ya kati tumekua tukisikia habari za Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na sasa tunaye Alphonce Simbu wa Singida, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Ndiyo maana tukisikia neno mbio tunafikiria kasi. Ikangaa siku ile alitumia kama dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita. Kazi yako wewe inadai stadi nyingine: kupanda mlima kwa kutembea, kwa hatua fupi, ukiwa bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema; kukimbia taratibu kwenye tambarare; na kushuka bila kuyaharibu mapaja, kwa saa 13 au 14 mfululizo. Mtu aliyemaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 50 anayo kasi ya kutosha na ya ziada kwa kazi hiyo, kwa hiyo mazoezi ya kasi usiyape zaidi ya siku moja kwa wiki.

Sasa nije kwenye mapaja, kwa sababu hapa ndipo wakimbiaji wa mji wetu, waliozoea lami na tambarare, wanapoumia zaidi. Unaposhuka mlima, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki: unakaza ili goti lisikunjike, na wakati huo huo uzito wa mwili unaulazimisha urefuke. Kukaza huku ukirefushwa ndiko kunakochana nyuzi ndogo ndogo ndani ya msuli. Maumivu yake hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye, na hilo ndilo watu wanalolijua, lakini nguvu ya msuli hupungua palepale, mbio zikiwa bado zinaendelea. Mteremko uliouchukua kwa furaha kwenye kilomita ya 25 unaulipia kwenye kilomita ya 60, pale ambapo hata mteremko mdogo unakufanya ushuke ubavu ubavu ukishikilia magoti.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Baada ya kushuka mlima mara moja tu kwa kiasi cha kuumia kidogo, madhara ya mara ya pili huwa madogo zaidi, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo huhitaji kushuka kila siku. Unahitaji kushuka mara kwa mara kwa kipimo kinachopanda. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu si virefu, lakini ukipata mteremko wenye urefu wa mita 200 hadi 300 unaweza kuurudia mara 8 katika wiki za mwanzo, na kuongeza hadi mara 20 kufikia wiki ya 16. Mara moja kwa mwezi safiri uende kwenye Milima ya Kiboriani kule Mpwapwa, au Milima ya Chenene upande wa kaskazini, ambako utapata mteremko wa kushuka kwa muda mrefu bila kukatika, maana msuli unaopumzika kila baada ya dakika mbili haujifunzi jambo lile lile. Shuka kwa hatua fupi na za haraka, goti likiwa limekunjika kidogo unapokanyaga, kiwiliwili kisiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma hukanyaga kwa kisigino mbele ya mwili wake, na breki inakuwa kubwa zaidi. Siku ya mwisho ya kushuka kwa nguvu iwe wiki tatu kabla ya mbio, ili vidonda vya ndani vipone na kinga ibaki.

Miezi hii ya mvua naomba uwe mwangalifu na mambo mawili. Njia nyingi za miguu hupita kando ya mashamba ya mtama na uwele, hivyo omba ruhusa ya wenyewe na usikanyage mazao. Na korongo lililokuwa na mchanga mkavu asubuhi linaweza kuwa na maji ya kumchukua mtu jioni, hata kama mvua imenyesha mbali na ulipo. Mvua zikishaisha, adui wako atakuwa mbigili na miiba ya migunga, kwa hiyo chagua viatu vyenye soli nene na ngumu kiasi, vilivyo vikubwa kwa nusu namba kuliko vile vya lami, kwa sababu miguu huvimba baada ya saa nyingi.

Kuhusu ratiba, pima mazoezi yako kwa saa badala ya kilomita, kwa kuwa kilomita moja ya mlimani na kilomita moja ya lami si kitu kimoja. Anza na saa 5 kwa wiki na upande hadi saa 10 katika wiki za 18 hadi 20, ukiongeza kwa wiki tatu na kupunguza katika wiki ya nne. Jumamosi iwe siku ya safari ndefu, na Jumapili utoke tena kwa saa mbili ukiwa na uchovu wa jana, kwani hiyo ndiyo njia salama ya kuufundisha mwili kilomita za mwisho bila kukimbia kilomita 70 mazoezini. Sioni sababu ya safari moja kuzidi saa 6. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo, na kushuka polepole kutoka kwenye benchi kwa mguu mmoja. Wiki mbili na nusu za mwisho punguza muda wa mazoezi hadi nusu, kisha theluthi moja.

Tumbo linahitaji mazoezi kama miguu, na hapa naomba unisome kwa makini. Mkimbiaji hutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita, kwa hiyo kwako wewe ni kama kilokalori 5,760 kwa mbio nzima, kabla hatujaongeza gharama ya kupanda mita 2,400. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini ni takribani gramu 500, yaani kilokalori 2,000 hivi. Mafuta ya mwili yapo tele hata kwa mtu mwembamba, lakini hayawezi kutoa nguvu kwa haraka kama wanga, na wanga unapokwisha mwendo huporomoka hata kama mafuta yaliyobaki yangetosha safari ya siku kadhaa. Lazima ule njiani, na lengo ni gramu 50 hadi 60 za wanga kila saa. Utumbo hupokea sukari ya glukosi kupitia njia inayojaa kwenye kiasi cha gramu 60 kwa saa, ilhali fruktosi ina njia yake, ndiyo maana wenye tumbo lililofundishwa vizuri huchanganya sukari hizo mbili na kufikia hata gramu 90. Asali ina zote mbili, na sisi tunayo asali nzuri ya Manyoni na Kondoa. Kijiko kikubwa kimoja kina takribani gramu 17 za wanga na ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina kama 25, kwa hiyo ndizi moja na vijiko viwili vya asali vinatosha saa nzima. Gramu 40 za zabibu kavu za hapa kwetu zina kama gramu 30. Ukichoka utamu, na utachoka baada ya saa ya sita, viazi mviringo vilivyochemshwa na kutiwa chumvi hukubalika vizuri.

Anza na gramu 30 kwa saa katika wiki ya tatu, uongeze kidogo kidogo, kwa sababu utumbo hupanua uwezo wake kwa kuzoeshwa. Siku moja kabla ya mbio na siku yenyewe acha maharage, mlenda na ubuyu, vyakula ambavyo mimi navipenda na kuvisifu siku nyingine zote, lakini nyuzi zake na mtikisiko wa saa nyingi haviendi pamoja. Kichefuchefu kikikujia usijilazimishe kula: tembea kwa dakika 10 hadi 15, jimwagie maji kichwani na shingoni, nywa mafunda madogo, kisha ujaribu tena. Tumbo hukataa kwa sababu damu imekwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, na likirudishiwa damu hukubali.

Kuhusu maji, jipime. Panda mizani bila nguo kabla na baada ya kukimbia saa moja, mara moja asubuhi na mara moja mchana; kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona na kuacha alama nyeupe za chumvi kwenye fulana, hivyo watu hudhani hawatoki jasho. Hata hivyo, kosa la kunywa kupita kiasi ni baya zaidi kuliko kosa la kunywa kidogo. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walikuta kwamba asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu katika damu, na dalili kuu iliyohusiana na hali hiyo ilikuwa kumaliza mbio ukiwa umeongezeka uzito. Nywa kwa kiu, wengi huangukia kati ya mililita 400 na 700 kwa saa, na usimalize safari ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Mkimbiaji aliyevimba vidole, anayeumwa kichwa, anayetapika na kuanza kuchanganyikiwa asipewe maji matupu; apelekwe kwa daktari. Pakiti za ORS ni dawa ya kuhara: zina chumvi nyingi na gramu 13.5 tu za sukari kwa lita, kwa hiyo usizihesabu kama chakula.

Hapa ndipo ninapoweza kulijibu swali lako la kubanwa misuli. Chumvi hulaumiwa sana, lakini mwaka 2004 watafiti wa Afrika Kusini wakiongozwa na Martin Schwellnus walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya wakimbiaji wa mbio za Two Oceans za kilomita 56, wakiwalinganisha waliobanwa misuli na wasiobanwa, na hawakukuta tofauti ya madini yenye uzito wa kitabibu. Maelezo yanayolingana na ninayoyaona kila wiki ni uchovu: msuli uliofanyishwa kazi kuliko ulivyozoea hupoteza uwezo wa kulegea. Wewe ulibanwa mapaja kilomita ya 33 ya marathoni yako ya kwanza, na ningependa sana kuona muda wa kilomita zako 10 za mwanzo siku ile, kwa sababu nadhani ulianza kwa kasi ya nusu marathoni. Dawa ya palepale ni kusimama na kuunyoosha msuli taratibu, na dawa ya kudumu ni hayo mazoezi ya kushuka mlima niliyoyaeleza.

Sasa timu. Tuseme ninyi wanne mtakwenda kwa wastani wa dakika 8 kwa kilomita katika njia hizo. Kila kipande kitachukua dakika 80, na kati ya kipande chako cha kwanza na cha pili utakaa saa 4. Umekimbia kwa nguvu kuliko ambavyo ungekimbia peke yako, jasho limekauka, misuli imepoa, halafu unaamshwa uanze tena kwa mlima. Wengi hufanya makosa katika saa hizo: hukaa na nguo mbichi, hula chipsi na soda dakika 30 kabla ya zamu, au huzunguka wakishangilia wenzao hadi miguu inachoka. Badilisha nguo mara tu unapomaliza, katika saa ya kwanza kula wanga kama gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni kama gramu 250 za wali uliopikwa, kisha lala chini na miguu juu. Usile kizito ndani ya saa moja na nusu kabla ya kupokea kijiti, na anza kupasha mwili moto robo saa kabla. Mazoezi ya timu ni kukimbia mara mbili kwa siku moja, kilomita 8 hadi 10 asubuhi na nyingine mchana, mara moja kila wiki, ndani ya jumla ya kilomita 45 hadi 55 kwa wiki.

Zaidi ya hapo, timu inahitaji dereva aliyelala usiku uliotangulia, kwa kuwa barabara ya vumbi inayozunguka mlima inaweza kuchukua muda mrefu kuliko njia ya mkato ya mkimbiaji, na simu isihesabiwe porini. Andikeni kwenye karatasi muda wa mapema na muda wa kuchelewa wa kila makabidhiano, na anayepokea awe kituoni kwa ule wa mapema. Vipande vyenye mteremko mkali apewe mwenye mapaja yaliyofundishwa, hata kama si mwenye kasi kuliko wote.

Ushauri wangu kwako ni huu: jiandae kama utakayekimbia peke yako hadi wiki ya 13, na uwaeleze wenzako leo hii kwamba jibu watalipata wiki hiyo, ili watafute mtu wa akiba na asidhulumiwe mtu. Jumamosi ya wiki ya 13 utoke kwa saa 6 kwenye njia yenye jumla ya mita 900 za kupanda, ukila gramu 50 za wanga kila saa. Jumapili utoke tena kwa saa mbili na nusu. Jumatatu asubuhi ushuke ngazi za jengo la ghorofa nne bila kushika ukingo. Ukiwa umetapika au umeshindwa kula baada ya saa ya nne, au Jumapili umeshindwa kukimbia kabisa kwenye tambarare, au Jumatatu ngazi zimekushinda, jiandikishe na timu, kwa kuwa wiki 11 zinazobaki zinatosha kabisa kukuandaa kwa vipande viwili vya kilomita 10 lakini hazitoshi kuyarekebisha mambo hayo kwa kilomita 80. Ukifaulu yote matatu, nenda peke yako, nami nitakuunga mkono. Ukianza saa 12 asubuhi na ukatumia saa 14, utamaliza saa 2 usiku, hivyo uwe na tochi ya kichwani na uwe umekwisha kuizoea njia ya mawe gizani.

Nimebakiza jambo moja ambalo hukuliuliza. Usimeze ibuprofen wala diclofenac siku ya mbio, hata mwenzako akikupa kwa nia njema. Katika jaribio lililofanywa kwa wakimbiaji wa umbali wa kilomita 80 kama wako, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, waliopewa ibuprofen walipata athari za ghafla za figo kwa asilimia 52, na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa asilimia 34. Figo za mkimbiaji zinapata damu kidogo kwa sababu ya jasho na joto, na wakati huo huo zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Dawa hizo huzipunguzia damu zaidi. Baada ya mbio, ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au hujapata mkojo kwa saa 12 ingawa umekunywa maji, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari umekimbia kwa saa ngapi na umemeza nini njiani.